Nawa iliyopanda: shajara ya ampu ya valvu, Kikwajuni

Siku ya 1, Jumamosi

Imewaka ampu yangu, chombo cha kukuzia sauti ya gitaa. Baada ya miezi mitano ya kukusanya vipande, leo saa nne asubuhi valvu tatu, zile chupa za kioo za redio za zamani, zimetoa mwanga wa rangi ya chungwa juu ya meza yangu hapa Kikwajuni, na gitaa likatoka kwenye spika kwa ile sauti niliyokuwa nikiitafuta: nene, yenye utamu, inayochanika kidogo ukipiga uzi kwa nguvu. Nimepiga kama dakika mbili. Kisha nikanyamaza, na ampu haikunyamaza.

Kwanza niandike ilivyojengwa, ili huko mbele nikitaja kitu kijulikane kipo wapi. Transfoma mbili, ya umeme na ya spika, zimetoka kwenye redio ya valvu ya bibi, ile iliyokaa juu ya kabati tangu sijazaliwa. Mbao zake zililiwa na mchwa, lakini chuma na shaba vilibaki vizima. Humo nilipata pia EZ80, valvu inayogeuza umeme wa kwenda na kurudi ukawa wa njia moja, na EL84, inayosukuma spika. ECC83 ya kukuzia sauti ya gitaa ni mpya, kaniletea binamu yangu kutoka Uingereza. Chesisi, bati linalobeba vitu vyote, ni alumini aliyonikunjia fundi bati wa Mwanakwerekwe, sanduku ni la mfenesi, spika ya inchi 8. Kapasita kubwa za kusafisha umeme ni zile zile za redio, mbili ndani ya pipa moja la alumini, maikrofaradi 50 kila moja. Nilizipima, hazikuwa na shoti, nikaziacha.

Nimewasha kupitia globu ya wati 60 iliyofungwa kwenye njia ya umeme, globu ya uzi, si ya LED. Kukiwa na shoti globu inawaka kwa nguvu zake zote na transfoma inasalimika. Globu ikawaka, ikafifia, ikatulia. Ukutani nimepima volti 236. Transfoma ina njia za volti 110, 127, 220 na 240. Nimefunga ya 240, maana kwa ile ya 220 hita za valvu, nyuzi za ndani zinazozipasha moto, zingepata karibu volti 6.8 badala ya 6.3, na valvu iliyofika umri huu haifai kuongezewa moto. Umeme mkubwa, ule unaozilisha valvu, ni volti 258. Kwenye kathodi ya EL84, sehemu ya valvu ambayo hita huipasha moto, kuna volti 7.1 juu ya rizista ya omu 135, yaani miliampea 52 na ushei. Yote yamo ndani ya mipaka.

Lakini inavuma. Na si sauti moja. Kuna mvumo mzito usiobadilika hata voliamu ikiwa sifuri. Kuna mlio wa "zzz" mkali unaopanda pamoja na voliamu. Na kuna mchakacho wa kuja na kuondoka, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati.

Ami alikuja baada ya Alasiri na udi wake, ile ala ya nyuzi, kama kawaida yake ya Jumamosi. Amepiga taarab tangu ujana, na masikio yake bado ni ya ujana. Alikaa, akaanza kutia udi sawa, akasita, akazungusha ufunguo, akasita tena.

"Mwanangu, hebu zima hicho chombo. Kinanivuruga nawa."

Nikamuuliza kivipi.

"Kinavuma nawa. Tena nawa iliyopanda."

Nawa ni jina la noti kwa wapiga udi, ndiyo sol ya wapiga gitaa. Nikachukua gitaa, nikabonyeza uzi mnene wa juu kwenye freti ya tatu, ambayo nayo ni sol, nikaupiga polepole. Sauti mbili zikapigana: uu-uu, uu-uu, mapigo mawili kwa kila sekunde. Sol ile ina hezi 98, yaani mitetemo 98 kwa sekunde. Mapigo mawili maana yake mvumo upo kwenye hezi 100. Ami alikuwa sahihi hata kwenye hilo neno "iliyopanda".

Siku ya 2, Jumapili

Leo sijashika pasi ya lehemu hata kidogo. Nimesikiliza tu.

Umeme wetu una hezi 50. Ukishapita EZ80, nusu zote mbili za wimbi zinageuzwa upande mmoja, kwa hiyo mawimbi yanakuwa 100 kwa sekunde. Basi mvumo wa hezi 100 ulioviringana unaelekeza kwenye kapasita za kusafisha umeme. Mvumo wa hezi 50 ungeelekeza kwenye transfoma au waya za hita, ambako umeme haujageuzwa. Hii naona ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika kazi hii, na haihitaji kifaa zaidi ya gitaa lililotiwa sawa.

Kisha nikazima, nikasubiri, nikang'oa ECC83, nikawasha tena. Mvumo mzito umebaki vile vile. "Zzz" imekufa. Mchakacho umekufa. Basi mvumo unazaliwa nyuma, kwenye umeme au EL84, na hizo mbili nyingine zinazaliwa mbele.

Mita kwenye spika, voliamu sifuri: milivolti 38. Nitapima hapo hapo kila mara ili nisidanganywe na hamu yangu ya kusikia nafuu.

Kuhusu mkono: kila ninapofungua chesisi naondoa plagi ukutani, kisha nashusha umeme wa kapasita kwa rizista ya omu elfu 10, wati 5, yenye waya mbili zilizofunikwa vizuri. Nahesabu mpaka kumi, halafu napima. Mita ikisoma chini ya volti 5 ndipo mkono unaingia. Kapasita hizi zinaweza kushika volti mia mbili na hamsini muda mrefu baada ya ampu kuzimwa, na volti hizo zinaua. Ikinibidi kupima ampu ikiwa inawaka, mkono wa kushoto unakaa mfukoni. Mdogo wangu haruhusiwi kuingia chumbani nikiwa nimefungua.

Siku ya 5, Jumatano

Nilitoa waya za lile pipa la redio nikalipima kwa mita inayosoma kapasita. Upande mmoja maikrofaradi 11, wa pili 16. Limekauka. Redio ya bibi haikuwa ikivuma zamani kwa sababu pipa hili lilikuwa changa, nasi tulikuja kuijua likiwa limeshazeeka.

Kapasita mpya zilifika kwa boti kutoka Dar: maikrofaradi 47, volti 450. Muuzaji mmoja wa hapa mjini alinisihi nitie za 220, akisema kubwa ndiyo safi. Kwa EZ80 hapana. Valvu hii inataka kapasita ya kwanza isizidi maikrofaradi 50. Ukitia kubwa mno, kila ukiwasha kapasita inavuta mkondo wa ghafla ambao kathodi ya valvu haiwezi kuubeba, na valvu inakwisha kabla ya wakati wake. Nimetia 47.

Milivolti 14. Mvumo ule ule wa nawa, ila umesogea mbali.

Siku ya 6, Alhamisi

Hakuna kazi. Umeme ulikatika kuanzia asubuhi hadi baada ya Isha.

Siku ya 8, Jumamosi

Baina ya kapasita ya kwanza na ya pili nilikuwa na rizista ya omu 220. Kitu bora pale ni koili yenye chuma, kwa sababu koili inazuia mawimbi lakini inaacha umeme ulionyooka upite karibu bure. Koili za kazi hii sikuzipata hapa. Nilichokipata, kwa bei ya chai na maandazi, ni balasti ya taa ya tyubu ya wati 40. Naisema ile ya zamani ya chuma, nzito, si hizi nyepesi za elektroniki. Ndani yake kuna waya wa shaba mwingi juu ya chuma chenye mwanya, na imetengenezwa kubeba mkondo mkubwa kuliko huu wangu wa miliampea 54, wa EL84 na ECC83 pamoja, mara kadhaa.

Nimepima waya wake: omu 42. Basi inakula volti 2 na kitu tu, wakati rizista ya 220 ilikuwa ikila 12. Kwa hesabu yangu rizista ile ilipunguza mawimbi ya hezi 100 kama mara sita, na balasti hii inayapunguza mara ishirini hivi. Nimeifunga juu ya chesisi, kona ya mbali na transfoma ya spika, na chini yake nimetia kipande cha plastiki nene, skrubu zake zisigusane na waya wowote.

Milivolti 6.

Ami alikuja jioni, akakaa pale pale, akasikiliza kwa muda akiwa ameinamisha kichwa.

"Imeshuka," akasema. "Nawa ni ile ile, lakini sasa ni ile ya chini kabisa."

Oktava moja chini ya hezi 100 ni hezi 50. Mvumo wa kapasita umekwisha, na uliokuwa umejificha nyuma yake umejitokeza. Hii sikuitarajia, na nisingeitambua peke yangu. Spika ya inchi 8 haitoi sauti ya hezi 50 vizuri, ni kama pumzi tu.

Siku ya 9, Jumapili

Nimeishughulikia transfoma ya spika. Kwenye redio ya bibi transfoma mbili zilikuwa zimekaa ubavu kwa ubavu, na mimi niliziiga zilivyokaa, sentimita nne baina yake. Transfoma ya umeme inamwaga uga wa sumaku pande zote, na ile ya spika ni koili nyingine ya shaba iliyokaa karibu ikipokea.

Kipimo chake ni rahisi na kinapendeza. Niling'oa valvu zote tatu. Nilifungua transfoma ya spika kutoka kwenye chesisi, nikakata waya zake za upande wa EL84 na kuzifunga kwa tepu, na upande wa spika nikaunga hedifoni. Halafu nikawasha transfoma ya umeme peke yake. EZ80 ikishatoka hakuna umeme mkubwa kwenye saketi, lakini pini za soketi yake zina volti za transfoma bado, kwa hiyo nilizifunika kabla ya kuwasha.

Nilimpa ami hedifoni, nami nikashika transfoma mkononi, nikaizungusha taratibu juu ya meza. Alifumba macho. Nilikuwa kama mtu anayetafuta kibla kwenye nyumba ngeni, naye akiniongoza: kidogo kulia, zaidi, rudi, hapo, umepita. Kuna mahali mvumo unazama kabisa, na ukisogea upana wa kidole unarudi. Nilidhani itakuwa digrii 90 kamili kama vitabu vinavyochora. Kwangu imekuwa kama 80, na umbali wa sentimita 11. Chesisi na balasti navyo vinapinda uga ule, kwa hiyo naamini sikio la ami kuliko mchoro. Nilichora alama kwa kalamu ya risasi, nikatoboa matundu mapya.

Milivolti 3.5.

Siku ya 10, Jumatatu

Waya za hita. Redio ilikuwa na upande mmoja wa hita umeungwa kwenye chesisi, na wa pili ndio unaobeba volti zote 6.3 kupita mbele ya kila gridi, yaani mlango wa sauti wa valvu. Nimeuondoa. Sasa waya mbili zimesokotwa kama ukili, zimelazwa kwenye kona ya chesisi, na kila upande una rizista ya omu 100. Rizista hizo zinakutana katikati, na hapo katikati nimepaunga kwenye kathodi ya EL84, yenye volti 7. Kwa njia hiyo pande mbili za hita zinavuta kinyume na kufutana, na hita yote imeinuliwa juu kidogo ya kathodi ya ECC83, kwa hiyo haiipenyezei umeme wake. Saa moja ya kazi.

Milivolti 2.2. Mvumo mzito nimeufunga hapa.

Siku ya 13, Alhamisi

Leo ni zamu ya "zzz", na imenila siku nzima.

Ami alikataa kuipa jina. "Hiyo si nawa wala si duka. Huo ni upinde wa fidla usiotiwa ulimbo." Duka ni noti nyingine, re ya wapiga gitaa. Maneno hayo yamenisaidia. Mvumo wa kapasita ni wimbi la mviringo, una sauti moja unayoweza kuiimba. Hii ina ncha. Hujirudia mara 100 kwa sekunde nayo, lakini kila mara ni mdundo mfupi mkali, na ncha hizo ndizo zinazokwaruza.

Ncha zinatoka wapi? EZ80 haimimini umeme kwenye kapasita mfululizo. Inamimina tu pale wimbi linapofika kileleni na kuipita kapasita kwa volti. Basi mkondo unaokwenda kwa EL84 na ECC83 ni mtulivu, miliampea 54, lakini ule unaojaza kapasita ni michomo mifupi ya miliampea mia mbili na zaidi, mara 100 kwa sekunde. Na kila mchomo lazima urudi nyumbani, kutoka mguu hasi wa kapasita hadi waya wa katikati wa transfoma ya umeme.

Niliinua chesisi dirishani, kwenye mwanga, nikaifuata njia hiyo kwa kidole. Mguu hasi wa kapasita nilikuwa nimeuunga kwenye boliti iliyo karibu nayo. Katikati ya transfoma nilikuwa nimepaunga kwenye boliti ya upande wa pili. Baina yake ni alumini tupu, na katikati ya njia hiyo hiyo, jeki ya gitaa, tundu la kuchomekea waya wake, imekaa na shingo yake ya chuma imebana bati. Nimeiona ikaniuma. Michomo yote ya umeme ilikuwa ikipita chini ya miguu ya jeki ndipo ifike nyumbani.

Mtu anaweza kusema alumini inapitisha umeme vizuri, kuna tabu gani? Alumini ndiyo, lakini boliti iliyokaa juu ya alumini yenye ukoko inaweza kuwa na omu 0.01. Mia mbili za miliampea juu ya omu 0.01 ni milivolti 2. Gitaa langu nikilipiga kwa upole linatoa milivolti mia au pungufu. Milivolti 2 zikiingia mlangoni pamoja nalo zinakuzwa pamoja nalo, tena kabla ya voliamu, ndiyo maana zilipanda na kushuka nayo.

Nilichofanya. Mguu hasi wa kapasita ya kwanza sasa una waya wake mnene unaokwenda moja kwa moja katikati ya transfoma, bila kugusa bati. Kutoka kwenye kapasita hiyo waya mmoja unakwenda kwenye kapasita ya pili, pamoja na kathodi ya EL84. Kutoka ya pili unakwenda ECC83, na wa mwisho unafika kwenye jeki. Kama mfereji: maji machafu yanatoka chini, na aliye juu kabisa hayaoni. Bati lenyewe limeungwa mahali pamoja tu, kando ya jeki. Jeki nayo nimeitenga na bati kwa washa mbili nilizokata kutoka kwenye soli ya malapa ya mpira, na tundu la chesisi nimelipanua shingo isiguse. Waya kutoka jeki hadi gridi ni ule wenye wavu wa shaba, na wavu nimeuunga upande wa jeki pekee. Ukiuunga pande zote mbili umejenga duara jipya. Kwenye pini ya gridi yenyewe nimetia rizista ya omu elfu 68, kuzuia redio na simu.

Nimewasha baada ya Magharibi. "Zzz" haipo. Nimepandisha voliamu hadi mwisho, nikaweka sikio kwenye nguo ya spika. Kuna "shhh" laini ya kawaida ya valvu, na ule mchakacho.

Siku ya 14, Ijumaa

Nataka kuandika hili peke yake. Wiki hizi nimeambiwa mara mbili, na watu wawili tofauti, kwamba dawa ya mvumo ni kukata waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini, kwenye plagi. Mvumo kweli unaweza kupungua. Lakini ethi ndiyo inayolinda uhai wa mpiga gitaa: waya wa volti 236 ukichomoka ukagusa bati, ethi inaunguza fyuzi. Bila ethi, bati linasubiri, na nyuzi za gitaa zimeungwa kwenye bati, na mikono yako ipo kwenye nyuzi. Ukishika na maikrofoni yenye ethi kwa mdomo, mkondo unapita kifuani.

Nyumba yetu ilikuwa na soketi za pini tatu, lakini nilipopima, tundu la juu halikuungwa popote. Nilimwita fundi umeme mwenye leseni. Amepigilia fito ya shaba uani, akavuta waya hadi soketi ya chumba changu. Gharama yake ilikuwa kubwa kuliko kapasita na balasti kwa pamoja, na ndiyo pesa niliyoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote katika mradi huu. Ampu imefungwa ethi hiyo kwenye boliti yake peke yake, yenye washa ya meno, na rangi imekwanguliwa mpaka alumini ing'ae.

Siku ya 19, Jumatano

Masika imeshuka. Tangu juzi mvua inapiga bati mchana na usiku, nguo hazikauki, na mchakacho umekuwa mbaya zaidi. Usiku wa kuamkia leo ulikuwa ukipasuka kama chumvi motoni. Hili limenipa fununu, maana kabla ya mvua siku nyingine haukusikika kabisa. Kitu kinachobadilika kwa unyevu.

Kuutafuta nimeufuata hivi. Voliamu sifuri, unakufa: basi unazaliwa kabla ya voliamu. Gridi ya kwanza nimeiunga na ethi kwa klipu, bado upo: basi hautoki kwenye jeki, waya wala gitaa. Nimebadilisha ECC83 kwa ya akiba, bado upo. Zimebaki soketi, rizista ya anodi, yaani pale sauti iliyokuzwa inapotokea kwenye valvu, na viungo vya lehemu baina yao.

Kwa kugonga natumia kijiti cha mshikaki, kikavu, kirefu, kinachouzwa kwa vifungu. Mbao haipitishi umeme na urefu unaweka mkono mbali. Ampu ikiwa inawaka nimegusa kitu kimoja kimoja kwa ncha yake. ECC83 ukiigonga inalia "ting" ndogo kwenye spika, hiyo ni kawaida, na ya akiba inalia kidogo zaidi, nimeirudisha ya kwanza. Kapasita kimya. Lakini niliposukuma pini ya 1 ya soketi upande, pale anodi inapoungwa, spika imepasuka kwa mchakacho mrefu.

Nimezima, nimeshusha umeme, nimeng'oa valvu na kuangalia kwa kioo cha kukuzia. Soketi hii ni ya redio, ya bakelaiti. Ndani ya tundu la pini ya 1 kuna kutu ya kijani, ile ya shaba iliyokula hewa ya bahari, na baina ya pini ya 1 na ya 2 kuna njia nyembamba ya vumbi la kahawia. Pini ya 1 ina volti mia na hamsini, ya 2 ni gridi. Vumbi lile likinywa unyevu linakuwa daraja.

Soketi mpya ya kauri ninayo. Nimeibadilisha leo hii hii, waya kwa waya, nikipiga picha kabla ya kila hatua.

Mchakacho umepungua nusu. Nusu tu.

Siku ya 20, Alhamisi

Iliyobaki ni rizista ya anodi, ya omu elfu 100, ya kaboni, nayo ya redio. Nimeipima: elfu 131, na nikiigusa kwa pasi ya moto mita inachezacheza. Rizista hii inabeba volti mia moja mfululizo, na kila punje ya kaboni inayoshika na kuachia inatoa mpasuko unaokuzwa na valvu inayofuata. Nimetia mpya ya utando wa metali, wati 1.

Mchakacho haupo. Nimekaa nayo saa mbili, mvua ikinyesha, voliamu ikiwa robo tatu. Hata ile "shhh" imekuwa nyembamba.

Nilifurahi kuwa sikubadilisha soketi na rizista siku moja. Ningeamini kosa lilikuwa moja, na rizista nyingine mbili za kaboni zilizobaki mbele ningeziacha. Nimezitoa nazo.

Siku ya 24, Jumatatu

"Zzz" imerudi, lakini tu gitaa likiwa limechomekwa na mimi nikiwa nimekaa kitandani. Nikisimama mlangoni haipo. Nikigeuza mwili robo mzunguko inazama. Kwa hiyo inaingia kwa pikapu, zile koili za gitaa zinazonasa mtetemo wa nyuzi, na pikapu zangu ni za koili moja, ambazo ni antena pia. Nimezima vitu vya chumba kimoja kimoja: chaja ya simu, taa, feni. Ilikuwa ni kidhibiti cha feni ukutani, kile cha kuzungusha, kinachokata wimbi la umeme katikati kila mara ili kupunguza kasi. Feni ikiwa kwenye kasi ya mwisho mlio haupo, kwa sababu hakuna kinachokatwa. Nimemaliza.

Siku ya 29, Jumamosi

Milivolti 2 kwenye spika, voliamu sifuri. Siku ya kwanza zilikuwa 38. Ukuta wa nyuma wa sanduku nimeufunga leo, nikiwa nimeutoboa matundu ya hewa juu na chini, maana EL84 inachemka.

Ami alikuja Alasiri, mvua imepumzika. Niliwasha, nikaiacha ipate moto, nikapandisha voliamu hadi pale ninapopigia. Alitoa udi kwenye mfuko, akagusa uzi mmoja, ukawa umelegea kwa unyevu. Akanitazama.

"Nipe nawa," akasema.

Nikabonyeza freti ya tatu, nikaipiga, nikaiacha ilie. Akazungusha ufunguo taratibu, sikio lake likiwa upande wa spika, mpaka uzi wake na wangu ukawa mmoja, halafu akaendelea na uzi unaofuata.